Mistari Saba Chini ya Mguu wa Mashine

Mzee alipiga magoti kwenye rangi iliyomwagika. Suruali yake ya kijivu, ile aliyokuwa akiinyoosha kwa kuilaza chini ya godoro, ikanywa rangi ya njano mpaka mapajani, na hakuitazama. Mashine ya chapa ilikuwa inatetemeka. Chini ya mguu wake wa nyuma walikuwa wamesokomeza karatasi nene, wameikunja mara nne ili mashine isiyumbe. Karatasi ile niliijua. Yeye aliijua kabla yangu. Ulikuwa mchoro wake wa kanga, alioupa jina la Mistari Saba, aliouokoa kwenye moto Dar es Salaam na kuuleta mpaka Guangzhou umefungwa kwa nguo kama mtoto mchanga.

Sote tulidhani atauchomoa. Hamdani Mbarouk, mfanyabiashara aliyetupeleka pale, alikuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, anasubiri kuona mtu mzima akilia. Bosi wa kiwanda, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, alikuwa akirudia lile neno ambalo kule tulilisikia kuliko salamu: meiyou. Hakuna. Nilipomuuliza michoro mingine iko wapi, meiyou. Nilipomuuliza nani kaikanyaga hii iliyotapakaa sakafuni, meiyou.

Mzee akakiangalia kitambaa kilichokuwa kinatoka mashineni. Ilikuwa kanga yake, na haikuwa yake. Mistari saba ilikuwemo, ila juu yake wamepandisha mawaridi mekundu, kila pembe wameweka simba mwenye taji, na pindo lote wamelizungushia njano ya kuigiza dhahabu. Na ile njano ilikuwa imehama. Imetoka nje ya nyeusi kwa kiasi cha unywele. Macho ya Mzee yalikwisha kuingia ukungu, lakini unywele ule aliuona.

Akanyoosha mkono mashine isimamishwe. Mafundi wawili wakainyanyua kwa nondo. Mzee akaichukua karatasi yake, akaikunja mara ya tano, akaibana kwa kiganja, akairudisha palepale chini ya mguu, akaisukuma mpaka ikaingia yote. Mashine ikashushwa, ikawashwa. Haikutetemeka tena. Njano ikarudi mahali pake.

"Sasa inakaa," akasema.

Nimezika mume, nimezika dada wawili, nimekiona kiwanda cha watu mamia kikifungwa kwa kufuli moja. Sijaona jambo lililonikata maini kama lile. Na jalada la michoro mimi ndiye niliyelitoa. Nalisema mapema, kina Hamdani wasije wakasema nimelificha.

Wapi alizaliwa na nani alimzaa, waulizeni wengine. Sisi tulimjua kiwandani, na tulimwita Mzee wa Michoro tangu nywele zake nyeusi. Alikuwa mkuu wa chumba cha michoro katika kiwanda cha nguo ambacho Wachina walikuja kukijenga, huko nyumbani, miaka ya mwanzo ya uhuru wetu. Mimi nilikuwa mkunjaji. Kanga ikitoka kwenye chapa na kukauka, nilikuwa naipokea, naikagua, naikunja doti. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo haya mambo ya sanaa sikuyasoma popote. Niliyasikia kwake, nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba chake na mikono imejaa vitambaa.

Yeye aliita usasa. Sisi tuliita mistari ya Mzee. Wakati ule kila kilichokuwa kipya kilikuwa kimenyooka: nyumba za wafanyakazi zimenyooka, viti vya shule vimenyooka, hata vikombe vya kantini vilikuwa vyeupe tupu bila ua. Mzee alisema dunia nzima inakwenda huko. Alisema mapambo ni ya watu wenye watumishi wa kuyafuta vumbi, na mtu wa kawaida anastahili kitu kizuri kisichomdanganya. Tulimwamini. Ungemwamini na wewe, ungemwona anavyochora mstari mmoja kwa mkono mtupu kutoka ukingo mpaka ukingo, pumzi ameishika, na sisi mlangoni tumeishika pamoja naye.

Alikuwa na neno moja kwa wanafunzi wake: ondoa kimoja. Umechora korosho tano, ondoa moja. Bado inasimama? Ondoa nyingine. Siku moja kijana mmoja wa michoro akamletea karatasi nyeupe isiyo na kitu, akasema, "Mzee, nimeondoa vyote." Tukacheka mpaka mashine za jirani zikasimama. Mzee akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Afadhali kuliko ya juzi."

Mfukoni alikuwa na rula ya chuma ya inchi sita. Alipima kila kitu: mkate, kisigino cha kiatu chako, nafasi kati ya macho ya mtu aliyekuwa akimchosha kwa maneno. Chai alikunywa bila sukari, akidai sukari ni waridi. Kisha unakwenda nyumbani kwake, unakuta kila kitu kimevalishwa kitambaa cha kufuma: redio ina kitambaa, meza ina kitambaa, birika lina kofia ya nyuzi za zambarau. Ukimtazama anasema, "Hii nyumba ni ya mama yenu, mimi mpangaji." Mama alipofariki vile vitambaa havikutoka. Na alipokuja Guangzhou alikuja na kimoja, anakitandika chini ya glasi yake ya maji. Nilimtania kwamba hicho mbona hakiondoi. Akanijibu kwamba glasi inaacha duara mezani. Meza yenyewe ilikuwa ya plastiki.

Sasa kosa lake. Nalieleza kwa sababu sitaki kumfanya malaika.

Kanga ina mji katikati, ina pindo pande zote, na chini ina kisanduku cha jina, yale maneno ambayo mwanamke anayasoma kabla hajatoa mkono kwenye pochi. Mzee alipochora Mistari Saba, mistari saba myeusi kwenye nyeupe ya maziwa, na uzi mmoja wa njano, aliacha kisanduku kitupu. Mtaro wa kisanduku upo, maneno hamna. Alipoleta sampuli ya kwanza kwangu niikunje, nilimwambia.

"Mzee, hii bubu."

"Binti, itasema yenyewe."

"Itasema nini? Mwanamke anamvalia jirani kanga ili jirani asome."

"Mwanamke ataweka maneno yake mwenyewe kichwani."

"Kichwani atayaweka, sawa. Jirani atayasomaje?"

Akanipima pua kwa rula, akaondoka. Kanga zikachapwa, zikaenda madukani, zikarudi. Marobota kwa marobota. Wanawake walikuwa wakizifunua, wanatafuta jina, hawalioni, wanazirudisha kama sahani yenye ufa. Wengine walidhani ni za kasoro, wakaomba wapunguziwe. Zilikwisha kwa kugawiwa hospitali zikawa mashuka. Mimi nilichukua doti moja, nikaiweka sandukuni. Hakuwahi kukubali kwamba alikosea. Miaka ishirini alisema waliokosea ni watu, hawakuwa tayari. Mtu aliyesema kila siku kwamba anamchorea mama wa kawaida, na hakuwahi hata mara moja kumuuliza mama wa kawaida anataka nini. Mama wa kawaida alikuwa amesimama mlangoni kwake kila siku, amebeba vitambaa.

Lakini kukosea kanga moja si sababu ya kuchomewa maisha. Hapa namtaja mtu wa kwanza: Rajabu Kisaka, meneja wetu wa mwisho. Kiwanda kilipouzwa, Kisaka alitaka chumba cha michoro kiwe ofisi ya wageni wake, chenye zulia. Akasaini karatasi kwamba yaliyomo ni takataka. Wiki ya mwisho ya kazi kuni zilikuwa zimekwisha kwenye boila, basi wakatia michoro. Miaka ishirini na zaidi ya michoro, kila rangi na karatasi yake. Kanga za mwisho nilizozikunja mimi zilikaushwa kwa moto huo. Zilikuwa bado za moto mikononi. Mzee aliingia boila akatoka na jalada moja lenye michoro thelathini na mmoja, nyusi zimeungua. Kisaka alikuwa akipita na wageni, akasema kwa Kiingereza neno ambalo sikulielewa, wageni wakacheka.

Hivyo ndivyo tulivyofika Guangzhou, miaka ile ya mwisho ya tisini, mimi kwa biashara na yeye kwa ulimi. Wachina wa kiwandani walikuwa wamemfundisha lugha yao, na wafanyabiashara wetu walikuwa wameanza kwenda kule bila kujua kuulizia hata choo. Wakamchukua kuwa mkalimani. Alipanga chumba ghorofa ya pili, barabara ya Huanshi Zhonglu, upande wa Xiaobei, juu ya duka la mabegi, na kutwa nzima alikuwa akitembea nyuma ya watu wenye haraka.

Kichina chake kilikuwa cha zamani. Kila mtu alimwita tongzhi, komredi, kama walivyokuwa wakiitana mafundi wale waliomfundisha. Wasichana wa madukani walikuwa wakiziba midomo. Mmoja akamwambia, kwa heshima tu, "Babu, siku hizi kila mtu ni laoban." Kila mtu bosi. Mzee akanitafsiria, na akaongeza, "Kama wote mabosi, nani anafanya kazi?" Akaendelea kuwaita makomredi.

Mji ule ulimuua kidogo kidogo, na haukujua kama anaishi. Majumba mapya yalikuwa yakipanda kila wiki, yamebandikwa vigae vyeupe vidogo kuanzia chini mpaka juu, vioo vya buluu, na kwenye paa nguzo za Kirumi zisizobeba kitu. "Nyumba imevaa bafu kwa nje," alisema. Shiling, kule kwenye mabegi, alikuwa akiwachosha wanunuzi wetu. Anachukua begi lenye vifungo sita vya dhahabu, anajaribu kuvifungua kimoja kimoja. Kinachofunguka kilikuwa kimoja. "Vitano waongo," anamwambia muuzaji, na muuzaji anaitika kwa furaha akidhani anasifiwa. Mama mmoja wa Unguja akamkatiza, "Mzee, mwulize bei, usimwulize dini yake."

Mahali alipotulia ni kwenye mgahawa wa Waislamu wa tambi, karibu na kwetu. Alikuwa akikaa saa nzima kumtazama mpishi akivuta donge la unga, analikunja, analivuta, linakuwa nyuzi mbili, nne, nane, mpaka hazihesabiki, na hakuna mkono uliopotea bure. "Msanii aliyebaki mji huu ni huyo," alisema. "Wengine wote tunauza vibandiko."

Nilimuuliza siku moja pale pale, kwa nini watu wamekimbia mistari yake. Nyumbani wamekimbia, huku wamekimbia, kila mtu anataka simba na dhahabu. Nilitegemea awalaumu watu kama kawaida yake. Akasogeza bakuli.

"Tuliwapa kilichonyooka wakati hawana kingine," akasema. "Wakadhani kunyooka ndio umaskini. Walipopata pesa wakauvua, kama unavyovua nguo ya jela."

"Sasa nani alikosea?"

"Kula, tambi zinapoa."

Hamdani Mbarouk alimchukia kwa jambo moja, na hapo Mzee alikuwa na hatia. Hamdani alikuwa na duka la samani Kariakoo. Alitaka seti kumi na mbili za makochi, yale ya kuchongwa, yaliyopakwa dhahabu, yenye vichwa vya simba mikononi. Tulikuwa pamoja dukani kwa Mchina.

"Muulize kama wanayo yenye simba wawili kila mkono," Hamdani akasema.

Mzee akasema maneno marefu. Mchina akashangaa, akauliza kitu, Mzee akarudia. Mchina akaandika.

"Anasemaje?"

"Anasema atakutengenezea."

Hamdani hakwenda bandarini Huangpu kuona mzigo ukiingia kwenye kontena. Alimtuma Mzee huyohuyo. Kontena likafunguliwa Kariakoo mbele ya wateja waliokuwa wameshaitwa, likatoa seti kumi na mbili za makochi ya mbao tupu, miguu imenyooka, kitambaa cha kijivu, hakuna simba hata mmoja. Kariakoo ikacheka wiki mbili. Walimwita Hamdani "Mwalimu Mkuu", eti kaleta viti vya ofisi ya shule. Nilipomshika Mzee kumuuliza, alinijibu mbele ya watu, bila aibu, "Nilimkalimania anachohitaji." Mimi nikacheka. Naomba radhi kwa kicheko kile. Kumchagulia mtu kwa pesa yake na kinywa chake ni ubabe, na Mzee alikuwa na ubabe huo tangu Mistari Saba. Hamdani alikuwa na haki ya kumfukuza, ya kumshitaki, ya kumtukana barabarani. Alichofanya ni kingine.

Alisubiri. Akaacha miezi ikapita. Ikafika ule msimu wa kule ambapo kuta zinatoa jasho, sakafu inalowa bila mvua, nguo haikauki. Mzee alikuwa anaogopea jalada lake. Mimi nilipanga ghorofa ya saba, palipokuwa pakavu kidogo, basi akaniletea nimtunzie akienda Huangpu siku mbili na mzigo wa watu. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha kanga, mafundo manne.

Mnajua alikuwa anataka nini duniani mtu yule? Alikuwa hataki kurudi nyumbani, hataki duka. Alikuwa anataka Mistari Saba ichapwe mara nyingine moja kabla macho yake hayajafunga. Doti mia, doti hamsini, hata kumi. Aliulizia viwanda vyote. Vyote vilitaka oda kubwa.

Siku ya kwanza tu Mzee yuko Huangpu, Hamdani akapanda ngazi zangu na mfuko wa machungwa.

"Dada yangu, mimi na Mzee yamekwisha. Nataka nimfanyie jambo."

"Jambo gani?"

"Kuna laoban mmoja nje ya mji, njia ya Huadu, anapiga chapa hata kidogo kidogo. Nipe jalada nimwonyeshe, Mzee akirudi akute sampuli mezani."

"Mwenyewe hayupo, msubiri."

"Nikimsubiri atakubali? Unamjua. Atakataa kwa kiburi, na macho ndiyo hayo. Na wewe mkunjaji wake, mzigo wa kwanza utakuwa wako. Nani nyumbani anajua kanga kama wewe?"

Sikilizeni kosa langu. Sisi watu wa Guangzhou tulikuwa na desturi ambayo hata mgeni wa siku tatu anafundishwa: sampuli huachi nzima. Ukimpelekea laoban kitambaa, unakata pembe, unamwachia pembe, kilichobaki unarudi nacho. Ukiacha kizima, kesho kinaning'inia mlangoni kwake na keshokutwa kwa jirani yake. Mimi nilikuwa nikiwafokea wengine kwa hilo. Nilikuwa na mkasi kwenye pochi saa zote. Lakini mkasi wangu ulijua nguo. Sikuwahi kuihesabu karatasi kuwa sampuli. Karatasi ya Mzee unaikataje? Nilifungua mafundo manne, nikatazama yote thelathini na mmoja, nikafunga tena, nikampa lote. Na lile neno la mzigo wa kwanza kuwa wangu lilikuwa limeniingia. Sitasema halikuniingia.

Mzee aliporudi nilimweleza nikiwa na furaha. Alikaa kitandani kwangu.

"Umempa mingapi?"

"Yote, Mzee. Achague."

Akatoa rula mfukoni, akaishika tu. Baadaye akasema, "Ungempa pembe."

Siku ya tano Hamdani mwenyewe akaja kutuchukua kwa gari la kukodi, twende tukaone kazi. Njia nzima alikuwa akipiga soga. Yaliyofuata nimekwisha kuyasimulia. Michoro tisa tuliiokota sakafuni, ina alama za viatu. Mzee hakuokota, niliokota mimi. Wakati tunatoka, Hamdani akamwambia Mzee, taratibu, sauti ya mtu anayemsalimia baba yake: "Nimekukalimania unachohitaji. Simba wawili."

Baada ya siku ile Mzee aliacha ukalimani. Wafanyabiashara walikwenda kumbembeleza, akawaambia Kichina kimemtoka. Niliondoka na mzigo wangu, nikakaa nyumbani muda mrefu. Kariakoo nikaikuta ile kanga ya mawaridi. Mwaka ule ilipita kila harusi. Ilikuwa na jina pia, maneno makali ya kumsuta mke mwenza, na wanawake waliisoma na kucheka na kununua. Niliigeuza nikatazama njano. Ilikuwa imekaa sawasawa. Hakuna kanga ya mwaka ule iliyokuwa na rangi zilizokaa kama zile.

Safari iliyofuata nilifungua sanduku langu, nikaitoa doti ya Mistari Saba, ile bubu, ya marobota yaliyorudi. Nikaifunga kwenye mzigo wa safari. Nilijiambia, mchoro sina cha kumrudishia, angalau akaishike nguo yenyewe.

Nilimkuta chumbani kwake Huanshi Zhonglu, mchana, dirisha wazi, magari yanapiga kelele chini. Chumba alikuwa amekimaliza. Meza hamna, ametoa. Mto hamna. Kalenda ya ukutani hamna. Kitanda, stuli moja, glasi ya maji sakafuni, na chini ya glasi kile kitambaa cha kufuma cha mama. Ile michoro tisa niliyomwachia sikuiona, na nilipouliza alisema mpishi wa tambi alihitaji karatasi za kuwashia jiko.

"Binti wa kukunja," akasema. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta nini? Nasikia unabeba."

Nikamwekea nguo magotini. Macho yalikuwa yamefika mwisho. Aliinua kitambaa mpaka kikagusa kope, akawa anakisogeza taratibu, anaona inchi mbili, anasogeza, anaona inchi mbili nyingine. Mistari yote saba kwa pamoja hakuiona hata mara moja. Alipita pindo. Alipita mji. Niliona mkono wake unatafuta mfuko wa rula, mfuko hauna kitu.

"Nani kachora hii?"

Nikasema, "Mtu mmoja wa zamani."

"Anajua kazi." Akaendelea kusogeza. Akafika chini, akafika kwenye kisanduku kitupu, akakizunguka kwa kidole pande zote nne, mara mbili. Akatikisa kichwa.

"Lakini hapa amejidai," akasema. "Ameweka kisanduku cha maneno na hana la kusema. Hiki ni pambo. Angekiondoa."

Akaikunja mwenyewe, vibaya, akanirudishia. Nilitaka kumwambia. Nilikaa pale mpaka chai ya jirani ikaletwa na kunywewa, na sikumwambia. Miezi michache baadaye watu wetu wa Xiaobei wakanipa habari kwamba amefariki na wamemzika hukohuko. Kwenye chumba walikuta stuli na glasi.

Watu wananiambia hayo ni mambo ya mitindo, mitindo hupanda na kushuka, mistari ilikuwa na zamu yake na mawaridi yana zamu yake, namlilia nani. Mitindo haina mikono. Michoro ile haikuingia boila kwa miguu yake, na jalada halikupanda gari la kwenda Huadu peke yake. Mimi langu nimelijibu, yote niliyoandika hapa ndiyo jibu langu, na kila anayetaka kunicheka au kunilaani anajua pa kunipata.

Rajabu Kisaka, uko hai, nakuona msikitini kwako siku za Ijumaa unavyosaidiwa kuvaa viatu. Nani alikwambia ile ni takataka, na ulifungua karatasi ngapi kabla hujasaini?

Na wewe Hamdani Mbarouk. Nilikupa michoro thelathini na mmoja kwa mikono hii miwili. Tisa niliiokota. Mmoja najua ulipo, uko chini ya mguu wa mashine. Ishirini na mmoja iko wapi? Usinitumie mtu, usinitumie machungwa. Njoo mwenyewe, na usiniambie meiyou.